Malalamiko Kuhusu Mtoto Kuitwa Hana Mwelekeo, Ilhali Anayo Kumi na Moja

Sauda Hussen,
Banda la Chakula, nyuma ya ofisi za wilaya,
Kilwa Masoko.
Jumanne, baada ya chai ya saa nne.

Mkuu wa Chuo,
(namba ya sanduku imelowa mchuzi kwenye bahasha yenu),
Lindi.

Ndugu Mkuu wa Chuo,

Assalaam aleikum. Kama wewe ni Mkristo, basi Tumsifu Yesu Kristo, na kama una haraka, habari za kazi. Kuhusu shikamoo, umri wako siujui, kwa hiyo naiacha hapa juu ya barua. Kama wewe ni mkubwa wangu ichukue, na kama ni mdogo wangu utanirudishia tukionana.

YAH: KUPINGA KAULI KWAMBA SOMOE HUSENI HANA MWELEKEO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ndivyo zinavyoanza barua za ofisi, nami najua, maana nimewalisha maafisa wa wilaya hii kwa miaka kumi na tisa, na wengi wao huandika huku wanakula. Barua nyingi zimetoka hapa Masoko zikiwa na tone la mchuzi wangu pembeni, na sijasikia hata moja iliyorudishwa.

Mimi ni somo wake Somoe Huseni, mwanafunzi wenu wa mwaka wa kwanza. Baba yake, Huseni, analima ufuta Likawage, na mama yake ni shoga yangu tangu utoto. Mtoto alipochezwa unyago mimi ndiye niliyesimama naye, nikamfunza yanayofunzwa, ambayo hayaandikwi kwenye barua ya ofisi. Alipochaguliwa kidato cha kwanza huku mjini nikamchukua akaishi kwangu. Yeye ananiita somo, nami namwita somo. Hatufichani kitu. Ninapoandika yuko uani anakuna nazi, na nimemwambia kwamba naandika orodha ya mahitaji ya sokoni.

Jumapili amerudi nyumbani na barua yenu yenye muhuri, iliyotiwa sahihi na Afisa Ushauri wa Wanafunzi, Bwana Erasmo. Inasema kwamba kwa kuangalia Fomu ya Mwelekeo wa Fani, ile aliyopewa aje nayo likizo ya Idi aijaze kwa utulivu, mwanafunzi huyu "hana mwelekeo". Inasema pia mlezi afike naye chuoni Ijumaa hii kuthibitisha fani moja tu, la sivyo nafasi yake atapewa mwingine anayesubiri.

Niliisoma mara tatu. Mara ya tatu wali uliungua, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nifungue banda. Kwa hiyo naorodhesha malalamiko yangu kama ifuatavyo.

1. Kuhusu mwelekeo. Kwetu sisi, kumwambia mtu hana mwelekeo ni tusi. Huambiwa mlevi, au kijana anayeezua mabati ya nyumba ya baba yake akayauze. Somoe anaelekea kibla mara tano kwa siku tangu ana miaka saba. Siku aliyofika kwenye bweni lenu alijua kibla kiko upande gani kabla hajajua choo kiko upande gani. Naomba nitajiwe afisa wenu yeyote anayejua anakoelekea mara tano kwa siku bila kukosea. Huyo Bwana Erasmo mwenyewe alimwelekeza mtoto chumba namba sita kwa mahojiano, mtoto akafungua mlango akakuta mafagio. Sasa kati ya hao wawili, nani hana mwelekeo?

2. Kuhusu somo. Fomu yenu, swali la tatu, inasema: "Taja somo unalolipenda kuliko yote." Jibu liliandikwa kwa mwandiko safi, bila kukatakata: Bi Sauda Hussen. Bwana Erasmo ameliwekea mkasi wa wino mwekundu. Swali la nne: "Kwa nini unalipenda?" Jibu: Kwa sababu ni mkarimu, anaamka kabla ya adhana, na kwa pweza wa nazi hana mpinzani kuanzia Masoko hadi Mchinga. Mkasi mwingine. Swali la tano: "Ni somo gani linakushinda?" Jibu: Hakuna, ingawa somo wa Joyce, binti wa jirani, ana mdomo. Hapo mkasi ulikuwa mkubwa hadi karatasi imechanika.

Pembeni ameandika, "Kiswahili? Hisabati? Baiolojia?" Ndugu Mkuu, sikuja mjini jana. Najua shuleni kuna vitu vinavyoitwa masomo. Lakini hivyo vina vipindi, kengele ikilia vinaondoka. Mimi kengele ikilia nabaki. Hiyo Hisabati ilikuwa wapi siku mtoto anaumwa malaria ya kidato cha pili? Aliyemkanda kwa kitambaa cha maji alikuwa mimi. Baiolojia haikuja hata kumpa pole.

3. Kuhusu ndoto. Siku ya mahafali ya kidato cha nne mgeni rasmi aliwaambia watoto wafuate ndoto zao, nasi wazazi tukapiga makofi na vigelegele. Fomu yenu nayo inasema: "Eleza ndoto yako kwa ufupi." Ikaelezwa, tena kwa ufupi kama mlivyotaka: Mbuzi aliyevaa miwani aliingia bandani, akakaa benchi la mbele, akaagiza ugali, mboga za majani akazikataa.

Kuna asiyeielewa ndoto hii? Mbuzi ni mifugo. Miwani ni elimu. Benchi la mbele ni cheo. Kukataa mboga sijakupatia tafsiri, ila maafisa wengi hufanya hivyo. Kwa ujumla ni Afisa Mifugo, na kama si wa wilaya basi ni wa mkoa. Bwana Erasmo ameandika chini yake: "Si ndoto ya namna hii." Mngetuambia mapema mnataka ndoto za namna gani, tungelala mapema tukazitafuta.

4. Kuhusu idadi. Fomu iliomba fani moja, zikaandikwa kumi na moja, nyingine nyuma ya karatasi kwa sababu nafasi mliyoacha ni ya mtu mvivu. Uuguzi, sheria, mifugo, uvuvi, ardhi, misitu, uhasibu, ualimu, upimaji wa ramani, udereva wa gari la serikali, na ukuu wa wilaya. Bwana Erasmo anasema hii ni dalili ya kutojua anachotaka. Mimi nasema hizi fani hazikuokotwa njiani. Zote zimekaa kwenye mabenchi yangu nikazitazama kwa miaka kumi na tisa.

Muuguzi hula amesimama. Mwanasheria akiletewa samaki huuliza huyu ni nani na ametokea wapi. Mpima ramani hukata ugali pembe nne. Mwalimu akimaliza kula hukagua sahani za wenzake. Dereva wa gari la serikali hufika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, na hakuna anayemuuliza, kwa hiyo nimeiona kuwa ni kazi ya heshima kubwa, ya pili baada ya ukuu wa wilaya. Ninyi mna karatasi za ushauri wa fani. Mimi nina mabenchi.

Kwa miaka minne nilimhamisha Somoe benchi kila wiki, ahudumie kila idara, azione kazi za watu kwa karibu. Jioni nilikuwa namuuliza leo ameona nini. Alikuwa ananijibu kwamba benchi la ardhi wamebakiza mchicha, chumvi imezidi kidogo, kesho tupunguze. Nikamwambia aangalie vyeo, aache kuangalia sahani. Wiki iliyofuata nilimweka kwa watu wa misitu, akaniambia hao wanapenda tui zito. Ni mtoto msikivu sana, ila husikia kwa upande wake.

Najua mtanijibu kwamba mshika mawili moja humponyoka. Nami nawajibu kwamba huyo ni mshika mawili. Mshika kumi na moja hajatungiwa methali. Pale Nangurukuru barabara ni nne, ya Dar, ya Lindi, ya Liwale na hii ya kuja kwetu, na sijawahi kusikia kondakta akisema Nangurukuru haina mwelekeo.

5. Lalamiko hili niliandika kwa penseli, kisha nikalifuta kwa kipande cha ndala baada ya kutafakari. Naomba lisisomwe. Ukiinamisha karatasi kwenye mwanga maneno yanaonekana, kwa hiyo usiinamishe.

6. Kuhusu Upishi. Sasa nimefika kwenye jambo lenyewe, na naomba uache kama unakunywa chai.

Mwishoni mwa barua yake Bwana Erasmo anaandika kwamba katika mahojiano ya saa nzima mwanafunzi hakutaja hata fani moja kati ya zilizoandikwa kwenye fomu yake. Alizungumzia tofauti ya tui la kwanza na tui la pili. Alizungumzia kwa nini ndimu hutiwa sufuria ikishatoka motoni. Alipoulizwa habari za sheria alinyamaza, na alipoulizwa mifugo aliuliza, ya supu au ya kuchoma? Kwa hiyo Bwana Erasmo anapendekeza ahamishiwe kozi ya Upishi.

Ndugu Mkuu, mtoto nimemtoa jikoni kwa mikono yangu miwili nikamkabidhi kwenu, nanyi mnamrudisha jikoni kwa muhuri.

(a) Upishi si fani. Nina ushahidi. Miaka michache iliyopita karani mmoja alipita hapa na daftari la kuandikisha watu. Alikaa, akala wali na samaki wa kupaka, akaomba aongezwe, akaongezwa. Kisha akafika kwenye safu ya kazi yangu, akaandika: Hana. Niliiona kalamu ikitembea. Nikamuuliza, na hii ninayofanya? Akasema, "Mama, hii si kazi, hii ni kupika tu." Iliniuma. Mwenzangu Bertha, muuza maandazi, aliandikiwa vivyo hivyo akacheka. Mimi sikucheka, na hadi leo nikikumbuka inaniuma. Siku ile niliapa kwamba Somoe atasoma hadi awe mtu ambaye karani akifika kwenye safu yake kalamu itamwishia wino.

(b) Mwalimu wenu wa Upishi, Mwalimu Brighton, ambaye naambiwa ametoka hoteli kubwa, siku ya kutembelea madarasa alichemsha pweza mbele ya wanafunzi wote. Alimtia chumvi tangu maji ya baridi, kwa kijiko chenye namba. Pweza akawa mgumu hata kisu kikaogopa. Somoe, ambaye hakuwa amekuja kwa Upishi, alinyoosha mkono akasema kwa adabu, "Shikamoo mwalimu. Pweza ana maji yake na chumvi yake, tumwache kwanza aive." Mwalimu Brighton akampa sufuria nyingine. Nasikia mlinzi aliacha geti wazi akaja kula, na Mwalimu Brighton akaandika jina la mtoto kwenye daftari lake na kulipigia mstari. Huyo ndiye mnayetaka akafundishwe kupika. Afundishwe na nani? Yeye ndiye akae mezani na mwalimu ndiye anyooshe mkono.

(c) Hoja yangu kwa kifupi ni hii. Kupika si fani, kwa sababu kungekuwa fani mimi ningekuwa profesa, na mimi si profesa. Na kama kupika ni fani, basi mimi ni profesa tangu miaka kumi na tisa iliyopita, na barua yenu iliyoandikwa "Kwa Mzazi/Mlezi" imenikosea cheo. Chagueni moja. Ninyi ndio mnaopenda moja.

Kutokana na malalamiko hayo, naomba yafuatayo yatekelezwe kabla ya Ijumaa:

Kwanza, maneno "hana mwelekeo" yafutwe na badala yake iandikwe "ana mielekeo".

Pili, neno "somo" liondolewe kwenye fomu zote hadi wenye jina hilo tushirikishwe. Tuko wengi, kuanzia hapa hadi mpakani, na tuna ngoma.

Tatu, Bwana Erasmo aletwe Masoko akae kwenye benchi langu siku saba, ahudumiwe, nami nimtazame anavyokula. Siku ya nane nitamwandikia fani yake. Nina wasiwasi kwamba si hiyo aliyonayo.

Nne, Somoe apewe fani zote kumi na moja, mbili kwa kila muhula, na ukuu wa wilaya umalizie peke yake kwa sababu ni mzito.

Tano, kozi ya Upishi ifungwe. Ikishindikana kufungwa, banda langu litangazwe kuwa tawi la chuo, nami nipewe joho. Mimi ni mnene kiasi, lisiwe la kubana.

Nakutakia kazi njema wewe na chuo chako. Nisalimie Bwana Erasmo, mwambie sina kinyongo naye, nina malalamiko tu. Nisalimie mlinzi, arudi getini. Nisalimie aliyechapa barua yenu, kwa sababu mistari imenyooka ingawa maneno yamepinda. Msalimie mama anayefagia chumba namba sita. Mwalimu Brighton asalimiwe pia, kwa kiasi. Huku wote hawajambo, Bertha anawasalimu, na watu wa ardhi, ambao wako hapa wanasubiri chakula, wanasema haki itendeke.

Ni mimi niliyekosewa heshima,

Sauda Hussen,
Somo wa Somoe, na wa mwingine yeyote asiye naye hapo chuoni.

Baada ya sahihi: Bahasha nilikwisha kuigandisha kwa punje za wali. Nimeifungua tena, samahani kwa uchafu.

Fomu niliijaza mimi. Somoe alikuwa ameijaza mwenyewe asubuhi ya Idi kwa penseli, neno moja tu, UPISHI, kwa herufi kubwa, akaiacha mezani ili niione. Niliiona. Nilichukua kipande cha ndala nikalifuta, nikaandika zangu kumi na moja kwa wino. Mbuzi nilimwota mimi. Na aliyeandika kwamba Bi Sauda ni mkarimu ni Bi Sauda.

Aliporudi mezani aliisoma mbele na nyuma. Aliikunja akaja nayo kwenu ilivyo, na Bwana Erasmo alipomuuliza mbona hivi, akanyamaza, nanyi mkaandika hana mwelekeo. Mimi ndiye niliyemfunza kwamba mtu hamwumbui somo wake mbele za watu. Sikujua kama amelishika kiasi hicho. Amekubali kuitwa hana mwelekeo kuliko kunitaja, na tangu Jumapili anakuna nazi zangu na kuniuliza kama nimekula. Najisikia vibaya, Ndugu Mkuu, na sijui pa kuliandika hilo isipokuwa hapa.

Kwa hiyo malalamiko yangu yote, la kwanza hadi la sita, yahesabiwe kama lile la tano.

Neno lake halikutoka lote, ndala ilikuwa ya zamani. Ipelekeni fomu dirishani, muinamishe kidogo, mtalisoma chini ya uuguzi. Hilo ndilo mthibitishe. Ijumaa tunafika wote wawili kwa basi la kwanza, na kwenye safu ya kazi ya mlezi msiandike kitu, niachieni kalamu niandike mwenyewe. Pweza nakuja naye. Mwambieni Mwalimu Brighton aweke chumvi mbali hadi tufike.